Andika Kwanza, Gusa Baadaye

Bur Dubai,
Jumapili, tarehe 15 Juni.

Mpendwa kaka Lawrence,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote, na natumaini zitakukuta ukiwa na afya, wewe na bibi yetu Kukhu. Je, kikohozi chake kimetulia? Na yule ng'ombe mwenye doa usoni amezaa? Mama huniuliza habari za ng'ombe huyo kana kwamba mimi ndiye ninayemchunga. Sisi huku tu wazima. Mama bado anafanya zamu ya asubuhi hotelini, na miguu yake haivimbi tena kama mwaka jana. Baba ni mzima pia, ila wiki hii anazungumza kidogo, na sababu yake utaikuta humu ndani. Mimi nimebakiza mitihani miwili, jiografia na fizikia, kisha shule ifungwe. Joto limefika digrii arobaini na tatu.

Pengine umeshangaa kuona nimeandika kwa kalamu wakati simu ipo. Ujumbe wa sauti husikilizwa mara moja ukapotelea chini ya jumbe nyingine, nami ningependa haya uyasome mara mbili. Tena Mwalimu Rosina, aliyetufundisha Kiswahili darasa la sita, alikuwa akisema kwamba jambo zito liandikwe kwa mkono, kwa sababu mkono huchoka upesi kusema uongo. Sina hakika kama ni kweli. Utaamua mwenyewe ukifika mwisho.

Najua umefungua sanduku hili ukitarajia spana mpya. Mama alikutumia sauti mwishoni mwa mwezi wa tano, akakuambia kwamba kiwanda kimekubali waranti, na kwamba spana mpya inakuja pamoja na barua ya kumwonyesha bosi wako. Badala yake umekuta spana yako ileile, yenye mkwaruzo karibu na mpini, imefungwa kwenye kile kipande cha shati lako la shule. Usimdhanie Trinah vibaya. Yeye amebeba alichopewa, na ametutendea wema kukubali kuipitisha Entebbe na kuitia kwenye basi la Malaba. Aliyebadilisha mzigo ni mimi. Naomba nikueleze kwa mpangilio, nisije nikaruka kitu.

Baba alipopokea ujumbe wako wa mwezi wa nne, alitusomea akiwa amesimama. Ulisema gurudumu la mbele la lori limechomoka karibu na Webuye, lori limelala mtaroni na saruji yake, na Mzee Erisa, dereva, amevunjika mfupa wa bega na mbavu mbili. Ulisema gurudumu hilo ulilifunga wewe siku nne kabla. Ulisema bosi amekusimamisha kazi hadi kikao cha tarehe 27 mwezi huu wa sita, na kwamba gereji nzima sasa wanakuita fundi wa kukaza kwa mdomo, na hata watoto wa pale stendi wamelishika jina hilo. Halafu ukaapa kwamba nati zote kumi ulizikaza kwa spana ya toki, ile inayolia nati ikifika kipimo, kila moja hadi ikalia, na kwamba kila jioni ulikuwa ukiilaza spana kwenye namba ya chini kama Baba alivyotufundisha. Mwisho ukasema hivi: Baba, ipime. Kama ni mkono wangu, niambie. Kama ni spana, niambie.

Baba alifumbata simu ndani ya kiganja chake, akasema spana ije.

Wewe hujawahi kuona mahali anapofanyia kazi, kwa hiyo nitakuonyesha kwa ufupi. Ni duka la vifaa vya gereji huko Naif. Mbele wanauza jeki, pampu na seti za spana kwa wafanyabiashara wanaozipeleka Kampala, Lubumbashi na Dar es Salaam, na njia nzima imejaa watu wanaofunga maboksi kwa utepe wa gundi. Nyuma kuna chumba kidogo kisicho na dirisha, chenye ubaridi usiobadilika mchana wala usiku, na humo ndimo Baba anamopimia spana za toki. Msimamizi wake ni Bwana Mahfudh, Mzanzibari ambaye babu yake ndiye aliyehamia huku. Jumamosi mimi huenda pale kuandika kitabu cha mapokezi, kwa sababu Bwana Mahfudh anasema mwandiko wa Baba ni wa kuku aliyekanyaga wino, na kwamba kuku huyo alikuwa na haraka.

Ukutani juu ya kaunta kuna karatasi tatu zenye maneno mamoja, ya Kiarabu, ya Kiingereza na ya Kiswahili. Ya Kiswahili aliiandika Bwana Mahfudh kwa mkono wake: Andika kwanza, gusa baadaye. Siku yangu ya kwanza alinieleza maana yake. Spana ya mteja ikifika, anayefungua sanduku huandika namba yake, hali ya lakiri yake, mikwaruzo yake, na namba iliyokuwa imewekwa kwenye mpini, kabla hajazungusha kitu chochote. Atakayezungusha kwanza ameifuta historia ya spana, na hakuna mashine ya kuirudisha. Nikamuuliza itakuwaje kama mteja ni mtu ninayemfahamu. Akanitazama juu ya miwani, akaniambia, mwanangu, kitabu hiki hakina mjomba.

Sanduku lako lilifika Jumamosi tarehe 10 Mei, saa saba mchana. Trinah alilileta mwenyewe akitokea uwanja wa ndege, akaliweka kaunta na kuniambia kwamba kaka yangu ametuma jiwe, maana mkono wake umekuwa mrefu kuliko mwingine. Baba alikuwa amekwenda Jebel Ali kuchukua mzigo, na Bwana Mahfudh alikuwa msikitini. Nililipokea mimi, nikalifungua mimi. Kitabuni kuna mwandiko wangu unaosema: jina lako, namba ya spana, lakiri nzima, mkwaruzo mmoja, na kipimo kimewekwa mia mbili, yaani namba ya chini kabisa. Lilikuwemo pia daftari lako dogo la kuhesabia milio, gurudumu kwa gurudumu, jumla elfu tatu mia mbili na arobaini. Bwana Mahfudh alipoliona alilifunua ukurasa hadi ukurasa. Alisema ana wateja wahandisi wenye shahada ambao hawajui spana zao zimelia mara ngapi, na huyu kijana wa Bungoma ameandika kama anayeandika swala zake.

Jumamosi iliyofuata ndipo walipoipima. Wiki nzima ilikuwa imekaa chumba cha baridi ili izoee. Mashine yenyewe si ya ajabu kwa kuitazama, ni kama meno ya chuma yaliyoshika kichwa cha spana, na kioo kidogo cha namba. Baba aliivuta kwanza mara tano kwa kipimo cha juu bila kuandika, ili viungo vyake viamke. Kisha akaanza kwa mia mbili, halafu mia sita, halafu elfu moja, mara tano kila kipimo, na mimi nikiandika kwenye safu inayoitwa Kama Ilivyokuja. Katika safu hiyo ni marufuku kurekebisha chochote. Spana inapimwa na ugonjwa wake wote. Baba alikuwa akivuta polepole sana, mkono kwenye alama ya katikati ya mpini, na Bwana Mahfudh amesimama nyuma yake akinong'ona kwamba haraka ya mkono ni uongo wa spana.

Tulipofika mia sita, kipimo chako cha nati za lori, sheria inaruhusu isipungue mia tano sabini na sita wala isizidi mia sita ishirini na nne. Yako ililia mia tano ishirini na moja. Baba akapumua. Mara ya pili ishirini na sita, halafu kumi na tisa, ishirini na nne, ishirini na mbili. Zote juu ya mia tano, na hata moja haikukaribia mia sita. Maana yake, kaka, ni kwamba kila ulipoisikia ikilia ukaamini nati imefika, nati ilikuwa bado. Ulikaza ulivyoambiwa ukaze, na spana ikakuambia mapema kwamba umemaliza.

Baba aliketi kwenye kiti cha Bwana Mahfudh, jambo ambalo hajawahi kulifanya, akasema mkono wako haukudanganya. Alilisema mara moja tu. Jioni Mama alipika chapati za siku ya sikukuu, naye alilia kidogo juu ya unga, kisha akanituma chumvi kana kwamba hakuna kitu.

Lilibaki swali moja, nalo ndilo la waranti. Bwana Mahfudh alilieleza kwa vidole viwili. Springi ya toki haichoki hivi ndani ya mwaka mmoja bila sababu, na sababu ni mbili: ama imetoka kiwandani ikiwa dhaifu, ama imewekwa macho, yaani imehifadhiwa ikiwa imebanwa, siku baada ya siku, hadi ikasahau nguvu zake. Ya kwanza ni ya kiwanda, nao hutoa spana mpya na barua ya kukiri. Ya pili ni ya mwenye spana, na waranti haimjui. Milio ilikuwa haijafika elfu tano, kikomo cha waranti. Lakiri ilikuwa nzima. Kisha akafungua kitabu cha mapokezi, akaweka kidole kwenye mstari wako, akasoma mia mbili. Akasema, imekuja imelala, basi kijana hana kosa, khalas. Akajaza fomu, Baba akatia sahihi kama fundi aliyepima, na tarehe 28 kiwanda kikajibu kwamba kimekubali. Kesho yake ndipo Mama alipokutumia ule ujumbe. Nilikuwa nimekaa kando yake kitandani wakati anauongea. Pengine ulinisikia nikikohoa.

Sasa nakuja kwa Lukman. Humjui, wala mimi simjui sana. Ni Mganda, anafunga matairi kwenye yadi ya mabasi huko Jebel Ali, na Jumamosi tarehe 31 alikuja na spana ya toki mgongoni ndani ya begi la mazoezi. Yake nayo ilikuwa inalia mapema, na msimamizi wake alikuwa ameshamwambia kwamba asiporudi na barua ya kiwanda, asirudi. Alinieleza yote haya kabla sijafungua sanduku, akicheka, akiniita nyabo kwa Kiganda, akisema anaona nina uso wa mtu wa kanisani. Nilifungua. Mpini ulikuwa umewekwa mia tatu na hamsini. Naye aliona nimeona.

Akainama juu ya kaunta, akaniambia polepole kwamba hiyo namba niipunguze tu kidogo, yalla, nani ataona, mzee yuko nyuma. Nikamwonyesha ile karatasi ukutani. Akaisoma kwa sauti, akasema, dada, wewe ni yule malaika wa kuandika dhambi? Nikamwambia mimi ni mwanafunzi tu. Nikaandika mia tatu na hamsini. Hakunigombeza. Alitazama kalamu hadi nilipomaliza sifuri ya mwisho, akasema kwa Kiswahili chake kwamba haya, mtoto ameandika, imeandikwa, akaenda kukaa kwenye ngazi ya nje juani, ingawa ndani kulikuwa na kiti.

Nilipogeuza kitabu ili wino ukauke, ukurasa wa nyuma ulijifunua, na pale palikuwa na mstari wako. Mwandiko uleule wangu. Mia mbili.

Kaka, spana yako haikuja ikiwa mia mbili. Ilikuja ikiwa mia sita.

Nitakueleza ilivyokuwa, na sitajipunguzia. Siku ile Trinah alipoondoka nilikata kamba, nikafunua kile kitambaa, nikaona nembo ya shule yako bado imeshikilia kwa uzi mmoja. Harufu ilikuwa ya grisi na ya moshi wa jikoni kwa Kukhu. Miaka miwili sijaisikia. Nikaona mia sita kwenye mpini. Unakumbuka Baba alipokuwa bado nyumbani, alipotufundisha pale barazani kwamba spana ya toki hailazwi ikiwa macho? Ulikuwa na miaka kumi na sita na mimi saba, na ulinipa kazi ya kuilaza iwe yangu peke yangu. Kila jioni uliniletea, ukaninyooshea mpini, na mimi nikazungusha kwa mikono miwili hadi namba ya chini, na wewe ukasema asante fundi mkuu. Mkono wangu uliizungusha kabla sijafikiri lolote. Niliisikia springi ikilegea ndani. Ndipo nikainua macho nikaiona karatasi ya ukutani.

Hilo la kwanza ni kosa, na Bwana Mahfudh mwenyewe amesema ni kosa la mtu aliyefundishwa vizuri mahali pasipofaa. Lakini kalamu ilikuwa bado haijagusa kitabu. Ningeweza kuandika: ilikuwa mia sita, nimeizungusha kwa bahati mbaya. Ni maneno machache. Niliwaza kwamba wewe umemwapia Baba kuwa uliilaza kila jioni, na kwamba Baba amewaambia watu hivyo, na kwamba kikao chako kiko karibu. Nikaandika mia mbili. Kuigusa lilikuwa kosa. Kuandika ulikuwa uongo, na niliuandika kwa mwandiko mzuri.

Baada ya Lukman nilitaka kusema palepale, lakini Bwana Mahfudh alikuwa na wateja, halafu nikakosa nguvu, halafu wiki ya Idi ikaingia na duka likafungwa. Siku ya Idi alitutumia sinia la biriani ya mbuzi kwa mkono wa mwanawe, na ujumbe kwamba lile fungu la mwandishi wake liwe na viazi vingi. Sikuweza kula, Mama akadhani ni homa. Jumatatu baada ya sikukuu nilitoka shuleni nikapanda abra, ile boti ya kuvukia mkono wa bahari, na sare yangu, nikaenda moja kwa moja hadi kaunta, nikamwambia Bwana Mahfudh nikiwa nimesimama. Alivua miwani. Hakupandisha sauti. Aliuliza kama namba niliyoiona ni mia sita hasa, nikasema ndiyo. Akauliza nani mwingine anajua, nikasema hakuna. Akaniambia kwamba leo nimemtia katika kuandika barua ngumu kwa kiwanda, na kwamba kabla jua halijazama nimwambie baba yangu mwenyewe, kwa sababu sahihi iliyo chini ya fomu ni yake.

Nilimwambia njiani, tukielekea kwenye abra. Alisikiliza akitembea. Tulipopanda, injini ilikuwa na kelele na watu walikuwa wengi, hivyo alingoja hadi tukashuka upande wetu. Hapo akauliza, mia sita kamili? Nikasema kamili. Akasema basi ilitoka kwenye nati za lori ikaenda moja kwa moja sandukuni. Baadaye, karibu na maduka ya vitambaa, akasema kwamba alipokuwa mwanagenzi Webuye aliwahi kuiacha spana ya mwalimu wake macho mwezi mzima, na aliposhikwa alisema ni paka. Nikamuuliza paka anawezaje kuzungusha spana. Akasema ndivyo hata mwalimu alivyouliza. Hakucheka, lakini alilishika begi langu la vitabu akalibeba yeye hadi nyumbani.

Hivyo waranti imefutwa, kaka. Kiwanda kimeshukuru kwa kuelezwa na kimeliondoa neno lake. Katika kitabu cha mapokezi hatufuti wala hatupaki rangi nyeupe, kosa hukatwa kwa mstari mmoja ili lisomeke bado. Kwa hiyo mia mbili ipo, imekatwa, na juu yake ipo mia sita, na kando jina langu na tarehe. Sitaandika kitabu hadi mwezi wa tisa, nami naona ni haki. Springi mpya ziliagizwa mbili, yako na ya Lukman, kwa sababu Bwana Mahfudh alisema wagonjwa wa homa moja wanywe dawa moja. Zote mbili Baba alizitia mwenyewe saa za chakula cha mchana, mlango ukiwa wazi. Lukman alikuja kuchukua yake jana. Bwana Mahfudh alikwisha kumwandikia msimamizi wake barua kwamba spana ilikuwa mbovu na sasa ni nzima, na bado anafanya kazi, angalau hadi jana. Aliponiona sina kalamu aliuliza kama malaika amefukuzwa mbinguni. Nikamwambia yuko likizo.

Jana hiyo hiyo yako ilipimwa upya. Ndani ya mfuko wa plastiki utakuta cheti. Kina safu mbili, na tafadhali usimwonyeshe bosi safu moja tu. Katika safu ya pili inalia mia sita na moja, mia sita, mia tano tisini na tisa. Katika safu ya kwanza zimo zile namba tano za mia tano na ushee, na hizo hazikubadilika kwa sababu ya mimi kusema. Baba ameongeza ukurasa wake na sahihi. Ameeleza kwamba spana hii, kwa namba hizi, ilimwambia fundi kwamba nati imefika wakati haijafika. Pia ameeleza kwamba ilipokelewa ikiwa macho, na kwamba hilo ni jambo jingine, la utunzaji, na mwenye kulijibu yupo. Hakuandika zaidi. Bwana Mahfudh aliusoma, akasema hajui bosi wako ni mtu wa namna gani, lakini mtu anayetaka fundi atasoma karatasi mbili kabla ya kufukuza mmoja.

Mimi nimekunyang'anya spana mpya na barua ya kukuondolea lawama yote. Nimekuachia cheti kinachokuondolea nusu yake. Siwezi kukuambia kwamba nusu itatosha tarehe 27. Naomba itoshe. Nadhani anayestahili kukiona kwanza ni Mzee Erisa, kabla ya bosi, maana mfupa ni wake. Lakini mimi ni mdogo kwako, na huko uko wewe.

Sikuulizi kwa nini ilikuwa mia sita. Huenda walikuharakisha siku ile, huenda kuna mtu mwingine aliyeitumia, huenda kila jioni ilikuwa si kila jioni. Baba pia haulizi, ila nimemwona akiishika simu na kuirudisha mezani. Chini ya sponji ya sanduku nimekuwekea karatasi moja niliyoipigia mistari kwa rula. Sijaandika kitu ila kichwa cha safu ya kwanza, Kama Ilivyokuja. Ukiwa tayari uijaze, umpe Trinah akija mwezi wa nane. Haitaingia katika kitabu cha mtu yeyote.

Msalimie Kukhu, umwambie Mama atamtumia dawa ya magoti pamoja na Trinah. Uwasalimu jirani zetu wote, na wale wa stendi pia, hata wanaokutania. Mama anasema ule vizuri kabla ya kikao na uvae lile shati la bluu. Baba amesema nikuandikie kwamba amekusalimu, kisha akarudi kutoka mlangoni akasema nikuandikie kwamba amekusalimu sana.

Spana nimeilaza mwenyewe, mia mbili, mbele ya Baba. Utakapoifungua, kaka, tazama mpini kwanza, uandike ulichokiona, halafu ndipo uiguse.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Carolyne.